Vazi la Kuzamia Katika Maji ya Baridi

Wengi hudhani kwamba vazi la mpira la wazamiaji huzuia maji yasiingie. La hasha! Vazi hilo, alilolibuni mwanafizikia Hugh Bradner wa Marekani mwaka 1952, hupitisha maji kidogo, nayo hupata joto la mwili. Vipovu vya gesi vilivyomo mpirani hulihifadhi joto hilo.

Katika Ghuba ya Monterey, California, ambako maji aghalabu huwa nyuzi 10 hadi 15 za sentigredi, wazamiaji wengi huvaa unene wa milimita 7. Lakini unene pekee hautoshi. Vazi likipwaya, maji ya baridi huingia kila mtu ajinyooshapo. Vidole hufa ganzi, naye hushindwa kushika vyombo vyake. Likibana mno, kupumua humwia vigumu. Hivyo twashauri: vazi likae sawasawa shingoni, kiunoni na vifundoni kwanza, unene ufuate.