Kocha Naye ni Mwalimu

Nilipokuwa katika shule ya upili, kipindi cha michezo kilikuwa kama mali isiyo na mwenyewe. Mtihani ulipokaribia, mwalimu wa Hisabati alikitwaa bila hata kuomba radhi, naye mwalimu wetu wa michezo akabaki uwanjani, mpira kwapani, asijue la kusema. Picha hiyo hunijia kila nikumbukapo maisha ya kocha Amos Alonzo Stagg wa Marekani.

Stagg alizaliwa mwaka 1862, akasoma katika Chuo Kikuu cha Yale kwa nia ya kuwa mhubiri. Alipotambua kwamba hakujaliwa ulimi wa mimbarani, aliazimia kuwalea vijana kupitia michezo. Mwaka 1892 William Rainey Harper, rais wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Chicago, alimwajiri kufundisha kandanda ya Kimarekani, ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai unaobebwa mikononi. Hakumwajiri kama kibarua wa uwanjani, la hasha! Alimpa cheo cha profesa mshiriki. Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu.

Stagg alifundisha Chicago kwa misimu 41. Mwaka 1932, alipotimiza miaka 70, chuo kilimstaafisha kwa sababu ya umri. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwaka uliofuata alihamia Chuo cha Pacific, California, akadumu huko misimu 14. Mwaka 1943, akiwa na miaka 81, makocha wenzake walimteua kuwa kocha bora wa mwaka. Alifariki mwaka 1965, akiwa na miaka 102.

Watakaonipinga watasema kwamba Chicago yenyewe iliuacha mchezo huo mwaka 1939, kwani katika vyuo vingi ulikuwa umegeuka biashara. Ni kweli, wala siwalaumu. Mchezo unaoimeza elimu hauna nafasi shuleni. Hata hivyo, dawa si kumdunisha kocha, bali ni kufanya alivyofanya Harper: kumhesabu mwalimu miongoni mwa walimu, naye awajibike kwa malezi ya vijana kama wenzake.

Basi, ewe mwalimu, kabla hujakitwaa kipindi cha michezo muhula huu, jiulize: yule aliyesimama uwanjani na mpira kwapani, si mwalimu mwenzako?