Sinki Likiziba, Weka Dawa Pembeni Kwanza

Sinki la jikoni likianza kupitisha maji polepole, wengi hukimbilia duka la vifaa vya ujenzi kununua kostiki soda. Katika nyumba ya miaka hamsini ambayo bado ina mabomba ya chuma, hapo ndipo tatizo dogo linapogeuka gharama kubwa. Bomba la namna hiyo linataka kufunguliwa na kusafishwa kwa mkono, na sababu iko ndani ya bomba lenyewe.

Kinachoziba hasa ni mafuta. Mafuta ya nyama ya ng'ombe huganda yakipoa kufikia nyuzi 40 hivi, na bomba lililopita chini ya sakafu halifiki joto hilo, hata Dar es Salaam mwezi wa Februari. Kwa hiyo mchuzi uliomwagwa ukiwa moto hupita vizuri kwenye sinki, kisha mafuta yake yakaganda mbele ya safari. Bomba jipya la plastiki lina ukuta laini, na sehemu ya mafuta huteleza ikaenda zake. La chuma ni habari nyingine: zinki iliyopakwa ndani ikishalika, kutu huota vinundu, njia ya maji ikawa nyembamba na yenye kukwaruza. Mafuta hujishika kwenye vinundu, na juu yake hunasa majani ya chai, ukoko wa wali na mchanga wa kusugulia masufuria. Fungua kiwiko cha chini ya sinki kama hilo uone: hutoka tope la kijivu lenye kunata, limeshikamana hadi limechukua umbo la bomba, na punje za wali bado zinahesabika.

Kostiki soda ikimiminwa juu ya tope hilo, ni kweli hugeuza mafuta kuwa sabuni. Watengeneza sabuni wa mitaani wanaitumia kwa kazi hiyohiyo. Lakini sabuni huondoka kwa maji yanayotembea, na bomba lililoziba kabisa halina maji yanayotembea. Dawa hukaa juu ya kizuizi, ikitoa joto linaloweza kulegeza maungio ya plastiki yaliyoongezwa baadaye, na panapotumika maji ya kisima yenye chokaa, sabuni hiyo huganda ikawa utando mgumu. Asidi ni mbaya zaidi, maana hula chuma chenyewe, na ikikutana na dawa ya kung'arishia nguo hutoa gesi ya klorini, ambayo huunguza mapafu.

Wapo watakaosema wametumia kostiki soda miaka nenda rudi na sinki likazibuka. Naamini. Maji yakiwa bado yanapita, hata kidogo, dawa hupata njia. Ila sinki linalodai dawa kila baada ya wiki chache halijazibuliwa. Limetobolewa tundu katikati ya mafuta, na ukuta wa bomba umebaki vilevile. Maji ya moto yana kasoro hiyohiyo: huyeyusha mafuta ya karibu yakaenda kuganda mbali zaidi, pasipofikika kwa mkono. Wengine watalalamika kwamba fundi ni ghali, na hapo wana haki, lakini hatua ya kwanza haimhitaji fundi. Weka ndoo chini ya kiwiko, vaa glavu, legeza nati, toa uchafu. Kama kiwiko ni safi, pitisha waya wa kuzibulia kwenye bomba linaloingia ukutani, taratibu, ukiuzungusha. Nati iliyoshikwa na kutu usiilazimishe, kwa sababu bomba lililolika ndani hukatika kirahisi. Hiyo ndiyo kazi ya kumwachia fundi. Baada ya hapo, kikaango kifutwe kwa karatasi kabla ya kuoshwa, na sinki liwekwe kichujio cha kunasa wali.

Maji yakirudi juu sinkini na bafuni kwa wakati mmoja, ujue kizuizi kiko kwenye bomba kuu au chemba ya nje, na hakuna cha kumimina kitakachosaidia. Mwite fundi. Na kama ulishatia dawa, mwambie kabla hajagusa nati yoyote, maana uso wake ndio utakaokuwa chini ya bomba hilo likifunguka.