Cheti na tisheti havijengi mtaa: Somo kutoka kwa wasichana wa Ukraine

UKISIKIA jina Ukraine, pengine akili yako inakimbilia chapati. Mwaka wa 2022 bei ya unga wa ngano iliporuka, hata mama wa kibanda alikuambia ni vita vya huko. Chapati ikawa nyembamba, tukalalamika kidogo, maisha yakaendelea.

Leo nataka nikuonyeshe Ukraine nyingine. Ya wasichana wa rika lako, wengine bado wako sekondari, wanaosimamia miradi ya mitaa yao huku ving'ora vya makombora vikilia. Kisha nitakuambia mbona jambo hilo linanichoma mimi, msee wa Nairobi ambaye hajawahi hata kupanda ndege.

Nianze na aibu yangu. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokosekana. Miezi michache baadaye nikaalikwa kwenye programu fulani ya kulea viongozi vijana. Siku tatu ndani ya ukumbi baridi, chai ya saa nne na samosa, watu wa suti wakitukumbusha kwamba "tuko na uwezo". Siku ya mwisho tukapewa cheti na tisheti, tukapigwa picha, kila mtu akashika matatu yake.

Nilikuwa nimeandika wazo moja: kuzibua mtaro unaofurika mtaani kwetu kila mvua ikinyesha. Hakuna aliyewahi kuniuliza wazo hilo liliishia wapi. Tisheti niliigeuza nguo ya kulalia. Mtaro uliendelea kufurika.

Ndiyo maana nilipoanza kusoma kuhusu wasichana wa Ukraine, swali langu lilikuwa moja tu. Wao wakitoka ukumbini, nini hufuata?

Wazo, mshauri, pesa kidogo

Chukua UPSHIFT, programu ya shirika la UNICEF iliyoanzia Kosovo mwaka wa 2014 na kuenea hadi nchi nyingi, Ukraine ikiwemo. Huko hauingii peke yako. Unaingia na timu yako.

Tuseme wewe ni msichana wa miaka 17. Nyumba yenu Kherson imepigwa, mmehamia mji mdogo magharibi mwa nchi. Shuleni unaitwa mgeni. Unaona watoto wengine waliohamishwa kama wewe wanakaa pembeni, hawachezi na mtu.

Kwenye programu hauambiwi "ota ndoto kubwa". Unaambiwa rudi mtaani ukaulize watu. Hilo tatizo linamuumiza nani hasa? Lilianza lini? Nani ashajaribu kulitatua akashindwa? Unarudi na majibu, mnapunguza wazo mpaka liwe kitu ambacho timu yenu inaweza kukimaliza.

Halafu unapewa mshauri. Kazi yake si kukutungia hotuba. Anakaa na nyinyi kwenye bajeti, anawauliza mbona rangi ya ukuta iko juu hivyo, anawaonyesha barua ya kuomba chumba inaandikwa vipi. Mwisho mnasimama mbele ya majaji kutetea mradi. Mkipita, mnapata pesa kidogo za kuanzia na kila senti mnaitolea hesabu.

Unaona tofauti? Mimi nilipewa cheti kabla sijafanya chochote. Huko safari ndiyo kwanza inaanza.

Kuna njia ndefu pia. Ukrainian Leadership Academy, iliyoanza mwaka wa 2015, huwachukua vijana waliomaliza shule kwa takriban miezi 10. Wanaishi pamoja, wanasoma, wanafanya mazoezi na kujitolea katika jamii kabla ya kuamua watasomea nini. Kwetu, ukikaa mwaka mmoja bila kuwa chuoni, majirani wanasema umepotea.

Kwa nini wasichana?

Kwanza, ni vita. Urusi ilipovamia nchi nzima Februari 24, 2022, wanaume wengi waliingia jeshini. Wanawake makumi ya maelfu nao wamevaa sare. Lakini kule nyuma, kazi nyingi ya kushikilia jamii iliangukia mikono ya kina mama na mabinti.

Wamesuka neti za kuficha magari ya kijeshi ndani ya shule na maktaba. Wametengeneza mishumaa ya mahandaki kwa mikebe mitupu, karatasi ngumu na nta. Stima ilipokatika miji mizima majira ya baridi, wengine walijitolea kuwahudumia watu waliokuja kuota moto na kuchaji simu. Mjini Kharkiv, watoto walianza kusomea ndani ya vituo vya treni za chini ya ardhi mwaka wa 2023, na lazima kuwe na mtu wa kukaa nao.

Lakini usidhani nchi hiyo iliwafungulia wanawake mlango kwa upole. Hadi mwaka wa 2017 kulikuwa na orodha rasmi ya kazi takriban 450 ambazo mwanamke hakuruhusiwa kufanya. Orodha ilifutwa, vita vikaja, na leo utapata wanawake wakifanya kazi chini ya machimbo ya makaa. Msichana wa miaka 17 leo alikuwa mtoto wakati sheria bado ilimwambia kazi fulani si zako.

Pili, kuna mahali pa kupeleka wazo. Tangu 2014 Ukraine imekuwa ikishusha mamlaka na pesa hadi kwenye jamii za chini, zinazoitwa hromada. Leo ziko zaidi ya 1,400. Sisi tuna kaunti 47 na wadi zake, kwa hivyo wazo hilo si geni. Tofauti ni kama kijana anajua ofisi ipo, na kama akifika anasikizwa.

Harambee yao

Wana neno lao, toloka. Ni ile desturi ya kijiji kukusanyika kumaliza kazi ya mtu mmoja kwa siku moja. Ukiwa Mkamba utaita mwethya. Wengine tutasema harambee, kabla wanasiasa hawajaigeuza kuwa shindano la bahasha.

Vijana wa kundi la Repair Together waliifufua toloka kwa njia ya kushangaza. Mwaka wa 2022 walienda Yahidne, kijiji cha mkoa wa Chernihiv ambako wanajeshi wa Urusi waliwafungia zaidi ya wanakijiji 300 katika handaki la shule kwa karibu mwezi mzima. Baadhi walifia mle ndani. Vijana wakaja na makoleo na ndoo kuzoa vifusi, DJ akifungulia muziki wa tekno.

Wengine waliuliza, mnachezaje penye msiba? Mimi naona hivi: msiba kwetu pia una nyimbo, na sufuria kubwa, na vijana wa kuchimba kaburi. Kazi na machozi vimekaa pamoja tangu zamani.

Si asali tupu

Nisikudanganye kwamba kila kitu kiko fiti. Mradi unaotegemea mfadhili una uhai wa mfadhili. Marekani iliposimamisha misaada yake mapema mwaka wa 2025, mashirika ya Ukraine yalitikisika, na hapa Kenya wahudumu wa kliniki walibaki bila kazi. Pigo lilikuwa moja.

Na uchovu upo. Msichana anayelea mtaa mzima usiku hulala kwenye korido akihofia droni. Hakuna cheti kinachoponya hilo. Ndiyo maana timu ni muhimu. Ukichoka wewe, mwenzako anashika koleo.

Sasa nirudi kwa mtaro wangu. Baada ya kusoma haya yote niliona haya kuendelea kulaumu ule ukumbi. Nikafanya walichofanya wao: nikaenda kuuliza. Mama mboga wa kona aliniambia maji huanzia kwenye kalavati moja iliyozibwa na magunia. Moja tu! Miaka yote nilidhani tatizo ni mtaro mzima.

Jumamosi iliyopita tulikuwa sita, wanne kati yetu wasichana. Fundi alituazima koleo mbili, mwenye duka akatoa gambuti. Dada mmoja wa kidato cha nne ndiye aliyeshika daftari la hesabu, na alikataa katakata pesa ya soda itolewe bila risiti. Tulitoa magunia 11.

Mvua haijanyesha bado, kwa hivyo sitajisifu. Lakini wewe una mtaro wako pia, hata kama si wa maji. Usingoje kualikwa ukumbini. Anza kwa kumuuliza jirani tatizo linaanzia wapi.