Nyota za wachezaji wa shule Marekani: ni orodha ipi ya kuaminiwa?

Huenda una ndugu aliyehamishiwa Marekani, na mtoto wake anacheza futiboli ya Kimarekani shuleni, ule mchezo wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Unapata ujumbe kwamba kijana amepewa nyota tatu, au familia inaombwa ichange fedha ili apate nyota zaidi. Kabla ya kutuma chochote, soma maelezo haya.

Nani anatoa nyota?

Nyota hazitolewi na serikali, shule wala NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu. Zinatolewa na kampuni za habari za michezo. Zinazojulikana zaidi ni 247Sports, ESPN, Rivals na On3. Mwaka 2025, On3 iliinunua Rivals. Wachunguzi wao hutazama video, mechi na kambi za mazoezi, kisha hutoa alama.

Nyota tano ndizo za juu kabisa. 247Sports huwapa nyota tano wachezaji wapatao 32 kila mwaka, kwa sababu duru ya kwanza ya uteuzi wa ligi ya kulipwa, NFL, ina nafasi 32. Kwa hiyo nyota ni utabiri. Si cheti wala ahadi ya ufadhili.

Je, utabiri huo ni sahihi?

Kwa kundi zima, ndiyo. Mchezaji wa nyota tano ana nafasi kubwa zaidi ya kufika NFL kuliko wa nyota tatu.

Kwa mtu mmoja mmoja, utabiri hukosea mara nyingi. Patrick Mahomes alikuwa na nyota tatu, J.J. Watt mbili. Josh Allen alipomaliza sekondari hakupata ufadhili kutoka chuo chochote kikubwa. Alianzia chuo kidogo cha Reedley huko California, akaenda Wyoming, na mwaka 2018 akachaguliwa wa 7 katika NFL.

Kijana aliyefika Marekani akiwa na miaka 15 yuko katika hali ngumu zaidi: hajaonekana vya kutosha. Kukosa nyota hakumaanishi hana kipaji.

Nifuate orodha ipi?

Usilinganishe namba moja kwa moja, kwani vipimo vinatofautiana. Kwa miaka mingi alama ya juu ya Rivals ilikuwa 6.1, wakati wengine wanahesabu hadi 100.

Orodha zenyewe hupishana. Mwaka 2018, ESPN ilimweka Justin Fields wa kwanza, na 247Sports ikamweka Trevor Lawrence. Mwaka 2021 Lawrence alichaguliwa wa 1 na Fields wa 11. Kisa kimoja hakitoshi kusema nani ni bora, lakini kinaonyesha kwamba wote waliona vipaji vya kweli.

Njia salama ni kutazama wastani wa orodha kadhaa, kama ule unaoitwa 247Sports Composite. Kosa la mchunguzi mmoja hupunguzwa na maoni ya wengine. Orodha zikipishana sana kuhusu kijana wenu, jueni kwamba bado hajulikani vizuri.

Familia ifanye nini?

- Msilipe mtu anayeahidi kuuza nyota. Kocha wa chuo huamua kwa macho yake mwenyewe.
- Muulizeni kocha wa shule ni vyuo gani vimewasiliana naye. Jibu hilo lina uzito kuliko nyota.
- Zingatieni masomo. Ili kucheza katika daraja la kwanza la NCAA, mwanafunzi anahitaji masomo 16 ya msingi na wastani wa alama usiopungua 2.3.
- Tunzeni ripoti za shule. NCAA huangalia masomo ya sekondari tangu mwanzo, hata yaliyosomwa katika nchi nyingine. Kama kijana alianza sekondari hapa makazini, ripoti zake za hapa zinaweza kuhitajika. Ukibaki nazo, mpigie picha na umtumie.

Kumbuka

Kipaji cha michezo au nyota haviharakishi kuhamishiwa nchi ya tatu. Huduma zote za UNHCR na washirika wake ni bure. Anayekuomba pesa kwa ajili hiyo anakudanganya: toa taarifa katika ofisi ya ulinzi iliyo karibu nawe.