Adabu za Kupiga Amadinda

Wengi wetu tumeyasikia amadinda, yale marimba ya Waganda, lakini wachache tunazijua adabu zake. Mimi ni mmoja wa wanaojifunza kuyapiga, nami napenda kuwaeleza kidogo, kwa maana adabu hizo hazikuandikwa po pote. Mtu huzijua kwa kutazama.

Amadinda yana mbao 12, zilizolazwa juu ya vigogo viwili vya migomba. Wapigaji ni watatu.

Wa kwanza huitwa omunazi. Yeye ndiye aanzaye, kwa hiyo ndiye achaguaye wimbo na mwendo wake. Akiisha kuanza, haulizwi ni wimbo gani. Usipoutambua, kaa kimya usikilize.

Wa pili ni omwawuzi. Yeye hungoja mpaka mapigo ya mwenziwe yametulia, ndipo aingie, na kila pigo lake huangukia katikati ya mapigo mawili ya yule wa kwanza.

Wa tatu, omukoonezi, ana mbao mbili tu, zile fupi za mwisho. Huingia baada ya wote, akiisha kuzisikia sauti za mbao mbili nene kabisa, naye huzirudia kwa sauti nyembamba. Msimdharau kwa uchache wa mbao zake. Asiye na sikio hapawezi mahali pale.

Sasa ajabu ni hii: ukimsikiliza mmoja peke yake, huusikii wimbo. Wimbo huzaliwa kati yao. Ndiyo sababu kujionyesha ni aibu kubwa; anayeongeza mbio ili asifiwe huwaharibia wote.

Adabu ya mwisho ni kujifunza na sehemu ya mwenzako. Mwaka 1966 jeshi la serikali liliposhambulia jumba la Kabaka huko Mengo, wapigaji wake walitawanyika. Mwaka 1967 falme zikaondolewa, zisirudishwe mpaka 1993. Katika miaka hiyo, aliyejua sehemu moja tu hakuwa na wimbo wa kumrithisha mtu. Bali mzee kama Evaristo Muyinda, aliyekuwa mpigaji wa Kabaka, alizijua sehemu zote, akafundisha wengine, na nyimbo hazikufa.

Basi, ndugu zangu, nanyi mliotutangulia, mkiyakuta amadinda yanapigwa, msikimbilie fimbo. Sikilizeni kwanza, mpate kujua nafasi yenu iko wapi. Kidole kimoja hakivunji chawa.