Goti moja, sekunde moja na nusu

Kuna swali nalisikia sana huku kwetu, kuanzia Kahama mpaka Katoro: ikija Paralimpiki, mbona hatumuoni Mtanzania kwenye mita 100 za waliokatwa mguu juu ya goti? Wenye mguu mmoja si wapo jamani. Duara limeporomoka, karasha limekamata suruali, bodaboda imeingia chini ya lori. Wengine wanajibu eti "hatuna moyo wa michezo". Jibu hilo linaniudhi, ndiyo maana naandika.

Twende London 2012, uwanja mmoja, mita zilezile 100. Jonnie Peacock wa Uingereza, aliyekatwa chini ya goti, alishinda kundi lake kwa sekunde 10.90. Heinrich Popow wa Ujerumani, aliyekatwa juu ya goti, alishinda la kwake kwa 12.40. Wote mabingwa, wote wamevaa ule upinde wa kaboni. Tofauti ni sekunde 1.50, na sehemu kubwa ya hiyo ni goti.

Ukikatwa chini ya goti, misuli ya mbele ya paja bado inanyoosha goti lako mwenyewe. Ukikatwa juu, hakuna msuli unaofika huko. Goti bandia la kukimbilia ni bawaba tu, halina nguvu yake, na linatakiwa kufanya mambo mawili yanayogombana: likunjike upesi mguu ukiwa hewani, kisha liwe limenyooka kabisa kabla ya kukanyaga. Likikanyaga likiwa limekunjika, umekwisha, uko chini. Kwa hiyo kila hatua mkimbiaji anavuta paja nyuma kwa misuli ya makalio ili goti lisimame. Ndani yake kuna silinda ya mafuta, kama shokapu ya pikipiki, inayozuia muundi usibaki nyuma wala usirushwe mbele kwa fujo. Si mchezo. Mwingereza Richard Whitehead, asiye na miguu yote miwili, yeye aliachana kabisa na magoti. Anakimbia kwa kuzungusha miguu pembeni, na hukohuko London alichukua dhahabu ya mita 200 kwa 24.38.

Wanaoendesha bodaboda mumsikilize huyu: Ambra Sabatini wa Italia alipoteza mguu kwa ajali ya skuta mwaka 2019. Mwaka 2021, Tokyo, akashinda mita 100 za kundi T63 kwa 14.11, rekodi ya dunia. Paris 2024 akaanguka hatua chache kabla ya mstari, dhahabu ikaenda kwa Mtaliano mwenzake Martina Caironi.

Sasa angalia medali za majirani zetu. Henry Wanyoike wa Kenya, asiyeona, dhahabu ya mita 5000 Sydney 2000. David Emong wa Uganda, mwenye ulemavu wa mkono, fedha ya mita 1500 Rio 2016. Wote wanakimbia na magoti waliyozaliwa nayo. Na sisi? Tembo Warriors walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la soka la waliokatwa viungo, Uturuki 2022. Mchezo ule unachezwa kwa magongo, mguu bandia hauruhusiwi. Moyo upo basi! Palipohitajika magongo tu, tulifika.

Wataalamu nao wapo. TATCOT pale KCMC Moshi inafundisha watengeneza viungo bandia tangu 1981, wanakuja hata kutoka nchi nyingine za Afrika. Lakini mguu wa kawaida kwetu ni ule wa plastiki, teknolojia iliyosambazwa na Msalaba Mwekundu wa kimataifa. Kwa kwenda sokoni uko poa. Goti lake lina loki: unafunga, unatembea mguu umenyooka. Kukimbia sahau. Goti la mbio linauzwa bei ya bodaboda kadhaa, halafu upinde unalipa pembeni.

Ila kuna goti la bure, lile ulilonalo. Mtu akibanwa na jiwe shimoni Nyarugusu, kila saa inayopotea njiani nyama iliyokosa damu inazidi kufa, na daktari analazimika kukata juu zaidi. Damu ikigoma kusimama kwa kukandamiza, funga juu ya jeraha, kumbuka saa uliyofunga, kimbiza hospitali. Na akifungwa vijiti na mtaalamu wa mifupa wa kienyeji, mkague vidole. Vikiwa vya baridi, vimekufa ganzi au vinageuka rangi, legeza hapohapo na uende hospitali.

Aliyekwisha kukatwa juu ya goti naye asishinde kwenye kiti. Nyonga hukakamaa ikiwa imekunjwa, na hapo hata ule mguu wa plastiki unakuwa kimeo. Kidonda kikipona na daktari akiruhusu, alale kifudifudi kila siku kwa muda, paja linyooke. Ndilo paja ambalo Popow alikuwa analivuta nyuma kila hatua.