Mbao za Viwandani: Kenya na Tanzania Huagiza kwa Sababu Gani?



Baadhi yetu wana ndugu Songea, mkoani Ruvuma, waliopanda misonobari, na swali wanalotuletea ni moja: miti ikikomaa, Kenya itanunua? Wengine wametazama hesabu za mbao za viwandani zinazoagizwa na kila nchi, yaani plaiwudi, chipubodi na hadibodi, wakazisoma kama mtu asomavyo bei ya karafuu ubaoni. Hesabu hizo hazisomwi hivyo. Tarakimu ikipanda haisemi kwa nini imepanda.

Chukueni Tanzania. Mpaka wetu na Kenya ulifungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ukafunguliwa 1983. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, hata sabuni watu waliipangia foleni. Nchi iliyoagiza plaiwudi kidogo wakati ule haikuwa imejitosheleza. Haikuwa na cha kulipia. Leo Mafinga, njia ya kwendea Makambako na Songea, viko viwanda vinavyomenya magogo na kubandika plaiwudi, kwa miti ya Sao Hill na ya wakulima wadogo. Uagizaji ukipungua sasa, sababu ni nyingine kabisa, ingawa tarakimu huenda ikawa ile ile.

Kenya nayo ina viwanda vya siku nyingi, kama vya Elburgon na Eldoret. Lakini Februari 2018 serikali yake ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma, ikaongeza muda mara kwa mara, hata Julai 2023 Rais Ruto alipotangaza kuiondoa. Kiwanda kikikosa magogo ya nyumbani, mnunuzi hutazama ng'ambo ya mpaka. Soko hilo limeletwa na amri, na amri nyingine yaweza kuliondoa.

Tena angalieni kipimo. Mita moja ya ujazo ni kama karatasi 18 za plaiwudi ya milimita 18, futi nane kwa nne. Kwa plaiwudi ya milimita 3 ni karatasi zipatazo 112. Na watu je? Tanzania ilihesabu watu milioni 12.3 mwaka 1967, na milioni 61.7 mwaka 2022. Shehena ile ile haitoshi nyumba zile zile.

Sisi wa karafuu jambo hili twalijua kwa uchungu. Indonesia ilikuwa mnunuzi wetu mkubwa, kwa sigara zake za kretek. Ikapanda mikarafuu yake, miaka ya 1980 ikajitosheleza, na bei ikatuangukia. India iliendelea kununua kwa ajili ya jikoni. Aliyelinganisha nchi hizo mbili mwaka 1975 kwa tarakimu tupu angesema Indonesia ndiyo ya kutegemewa! Nchi hiyo hiyo, mwaka 1985, ilizuia kabisa kuuza magogo nje, ikawa muuzaji mkubwa wa plaiwudi duniani.

Basi ndugu wa Songea na waulize kwanza Wakenya wenyewe wanapanda miti kiasi gani. Kisha waulize kiwanda cha Mafinga kinalipa shilingi ngapi kwa gogo lililofika mlangoni, maana kutoka Songea ni zaidi ya kilomita 300, na nauli ya lori hukatwa kwa mwenye miti.